Kizunguzungu, Kuzimia na Mchezo wa Kujizimisha

Saa moja na nusu asubuhi wanafunzi wamesimama mstarini, jua limeanza kuchoma na mwalimu wa zamu bado anatoa matangazo. Mwangalie yule binti wa mstari wa tatu. Midomo imempauka. Kijasho chembamba kimemtoka puani, na wenzake hawatoki jasho. Anapiga miayo, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine, anameza mate kila mara kwa sababu kichefuchefu kimemshika. Macho yanaingia kiza kuanzia pembeni, masikio yanavuma, sauti ya mwalimu inamfikia kwa mbali. Una sekunde chache za kumkalisha chini. Zikipita ataanguka, na mara nyingi kitakachomuumiza ni sakafu, jiwe au ngazi atakayojigonga.

Mwongozo huu nimewaandikia wazazi, walimu, viranja na vijana wenyewe. Unahusu mambo mawili yanayokaribiana: kuzimia kunakomjia mtu bila kutaka, na kuzimia ambako watoto na vijana hujitafutia kwa makusudi, kwa mchezo au kwa kushindana. La kwanza aghalabu hupita salama likishughulikiwa vizuri. La pili linaua, na linaua watoto ambao nyumbani kwao hakuna aliyekuwa na wasiwasi nao.

Ubongo hauna akiba

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ya mwili mzima. Wala hauna ghala. Misuli inaweza kuvumilia kwa muda bila oksijeni ya kutosha, ubongo hauwezi. Damu ikiacha kufika kichwani, fahamu hupotea ndani ya sekunde kama 10. Ikiendelea kukosekana kwa dakika 3 hadi 5, chembe za ubongo huanza kufa, na zikishafa hazirudi. Shika tarakimu hizo mbili, maana karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana nazo.

Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu hushuka tumboni na miguuni. Kwa kawaida hakuna unachohisi, kwa sababu neva huamuru mishipa ibane na moyo uongeze kasi papo hapo, na misuli ya mashavu ya miguu husukuma damu irudi juu kila unapopiga hatua. Mwanafunzi aliyekatazwa kutikisika mstarini amenyimwa msaada huo wa miguu. Ongeza joto, ambalo hutanua mishipa ya ngozi. Ongeza kutoka nyumbani bila chai. Ongeza hofu, maumivu au kuona damu, na neva hufanya kinyume cha zinavyotakiwa: moyo unapunguza mapigo wakati uleule mishipa inalegea, na presha inaporomoka. Hii ndiyo aina ya kuzimia inayowapata watu wengi kuliko zote. Ndiyo inayowaangusha vijana wenye afya zao kwenye sindano, msibani, kanisani palipofurika watu na kwenye gwaride la askari.

Tazama sasa jinsi mwili unavyojiokoa. Mtu akishalala chini, kichwa chake kinakuwa usawa mmoja na moyo, damu haina tena mlima wa kupanda, na kabla dakika haijaisha mara nyingi anafumbua macho. Kwa hiyo kosa kubwa tunalolifanya ni kumwinua. Watu wawili wanampitisha mikono mabegani na kumkokota, wanamkalisha kwenye kiti cha plastiki, au wanampakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, kichwa kikining'inia. Damu iliyokuwa inarudi kichwani inashushwa tena. Anazimia upya, anaweza kutetemeka kama mwenye degedege, na ulimi uliolegea unaweza kumziba njia ya hewa.

Mtu akizimia mbele yako

Mlaze chali palepale alipo, ilimradi hapana hatari ya gari, moto au maji. Inua miguu yake juu ya begi au ndoo iliyopinduliwa. Legeza tai, mkanda, mtandio au chochote kinachombana. Wasogeze watu. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: hakikisha anapumua. Weka shavu lako karibu na pua na mdomo wake huku unatazama kifua chake, kwa muda usiozidi sekunde 10.

Akiwa anapumua lakini hajaamka, mlaze ubavu ili akitapika matapishi yatoke nje. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto, kwa kuwa mimba ikishakua, mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni mama akilala chali. Usimmwagie ndoo ya maji. Usimnyweshe soda wala uji kabla hajaweza kuzungumza na kumeza. Usimtie kijiko mdomoni. Kitunguu, kiatu kilichovuliwa au manukato puani havipandishi damu kichwani. Vikionekana kufaa ni kwa sababu muda wake wa kuamka ulikuwa umefika.

Akiwa hapumui, au anavuta pumzi mojamoja za kukoroma, huko si kuzimia kwa kawaida. Uchukulie kwamba moyo umesimama. Piga kelele, mtu mmoja akatafute gari, wewe anza kukandamiza katikati ya kifua chake kwa viganja viwili vilivyopandana, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka aanze kupumua au mwenye ujuzi zaidi apokee. Aliyezama au aliyekosa hewa, na mtoto, anahitaji pia kupuliziwa pumzi mdomoni ikiwa umefundishwa: 5 za kuanzia, kisha 2 baada ya kila migandamizo 30. Ikiwa hujafundishwa, kandamiza kifua tu. Kufanya hivyo bila ustadi ni bora mara nyingi kuliko kusimama na kulia.

Anapoamka, abaki amelala dakika 10 hivi, kisha akae, kisha asimame. Anayeharakishwa kusimama hurudi chini.

Na ukiwa wewe ndiye unayehisi kichwa kinakuwa chepesi, kaa chini au lala, hata kama uko kwenye foleni ya benki na umevaa suti yako ya harusi. Kama hapakaliki, pishanisha miguu na uikaze kwa nguvu pamoja na mapaja na makalio, huku umefunga ngumi. Misuli iliyokazwa hupandisha presha kwa muda wa kutosha kukufikisha penye kiti. Anayejijua kwamba sindano humwangusha amwambie muuguzi mapema, achomwe akiwa amelala.

Tafuta kilichosababisha

Ukifika zahanati na kusema tu kwamba una kizunguzungu, umemwachia mhudumu kazi ya kubahatisha. Mweleze kwa undani. Je, chumba ndicho kinachozunguka, hasa unapogeuka kitandani? Aghalabu hilo ni la sikio la ndani, ambamo mna kiungo kinachoupa mwili mizani. Au ni kichwa kuwa chepesi na macho kuingia kiza unapoinuka? Hilo ni la damu, maji, presha au moyo, na ndilo tunaloliandama hapa. Sema ulikuwa unafanya nini, umesimama au umekaa, umekula saa ngapi, unatumia dawa gani. Kama kuna aliyekuona ukianguka, nenda naye. Yeye ameona usichokiona.

Maji ni ya kwanza kuulizwa. Kuhara, kutapika, kulima juani kutwa nzima, kufunga huku daku imepita bila glasi hata moja ya maji: yote hupunguza ujazo wa damu. Kwa mwenye kuhara, maji matupu hayatoshi. Anahitaji ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya kwenye maji, kwa kuwa amepoteza na chumvi.

Upungufu wa damu ndio ninaotaka ukae nao zaidi, kwa sababu katika nchi zetu umezoeleka hadi watu wanauona kama uchovu wa kawaida. Mama anapumzika kila baada ya ngazi tatu, moyo unamwenda mbio akibeba ndoo, macho yanaingia kiza akiinuka kutoka kuosha vyombo. Vuta chini kope la jicho lake uangalie ule utando wa ndani: ukiwa mweupe badala ya mwekundu, aende akapime wingi wa damu. Sababu zinaweza kuwa hedhi nzito, mimba zinazofuatana, malaria, minyoo ya safura au lishe duni. Kwa mzee anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, inaweza kuwa kidonda cha tumbo kinachovuja kimyakimya, na choo chake kitakuwa cheusi tii. Kununua chupa ya dawa ya kuongeza damu dukani bila kujua damu inaishia wapi ni kuchota maji kwenye mtungi unaovuja.

Wazee wana habari yao. Dawa za presha, dawa za kukojoa na baadhi ya dawa za tezi dume hushusha presha zaidi mtu anaposimama. Ndiyo maana mzee huyumba anapoinuka kutoka sijida, na ndiyo maana wengi huangukia chooni usiku: ametoka kwenye kitanda chenye joto, amechuchumaa, kibofu kimetoka kujaa hadi kuwa kitupu, ameinuka ghafla gizani. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja, taa iwepo njiani, kuwe na kitu imara cha kushika ukutani. Mwombe mhudumu ampime presha akiwa amelala, kisha ampime tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aziangalie upya dawa zake. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kiharusi kinasubiri upande wa pili.

Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini kisha akachelewa kula hutetemeka, hutoka jasho jingi, huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Maadamu anameza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali.

Mwanamke aliyekosa hedhi, ana maumivu ya tumbo upande mmoja na amezimia, huenda ana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na imepasuka. Anavuja damu ndani ambako hakuna anayeiona. Apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama maumivu yametulia.

Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiamka na kichwa kinachouma, kizunguzungu na kutapika, uliza kuhusu jiko la mkaa. Katika mikoa ya baridi, Njombe na Mbeya kwa mfano, watu hulala na jiko ndani huku madirisha yamefungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fungua milango, watoe nje, nenda nao hospitali. Jiko halilali ndani ya nyumba.

Hofu nayo huangusha. Mtu aliyepatwa na woga hupumua harakaharaka, kaboni dioksidi ndani ya damu hupungua, na mishipa ya ubongo hubana. Vidole na midomo hupata ganzi, kichwa huelea. Ndiyo sehemu ya yale tunayoyaona katika shule za bweni za wasichana, akianguka mmoja wanafuata kumi, na mapepo yanatajwa. Wasichana hao hawadanganyi na hawastahili fimbo. Watenganishe, waondolee watazamaji, kaa na mmojammoja umwongoze apumue polepole, na baadaye utafute kinachowatia hofu pale shuleni. Usimfunike mtu uso kwa mfuko.

Je, ni kifafa? Mtu aliyezimia kwa presha kushuka anaweza kurusharusha mikono kwa sekunde chache, na hilo peke yake si kifafa. Kifafa huchukua muda mrefu zaidi, mtu anaweza kujing'ata ulimi pembeni, na akiamka hubaki amechanganyikiwa kwa muda. Aliyezimia kwa kawaida akiamka anajua alipo na anauliza kwa nini mnamtazama.

Moyo

Kuna kuzimia ambako hakuna kusubiri hadi wiki ijayo. Kijana anayezimia katikati ya kukimbia au kucheza mpira. Mtu anayeanguka bila dalili yoyote ya kutangulia, kama taa iliyozimwa. Anayezimia akiwa amekaa au amelala. Anayezimia pamoja na maumivu ya kifua au mapigo yanayokwenda ovyo. Na yeyote anayezimia ambaye katika ukoo wake kuna aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Kila mmoja wa hawa anahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyohiyo, na ikibidi rufaa kwenye hospitali ya moyo, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam.

Tarehe 26 Juni 2003, kiungo wa Cameroon Marc-Vivien Foé alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, bila kuguswa na mtu, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi. Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo Copenhagen, moyo ukasimama, lakini kifua chake kilianza kukandamizwa mara moja na moyo ukashtuliwa kwa mashine palepale uwanjani. Amerudi kucheza. Kocha wa timu ya mtaa anayemwambia mchezaji aliyezimia anywe maji arudi ndani hajui anachokichezea.

Hapa kwetu ongeza moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apimwe na amalize dozi ya antibiotiki aliyoandikiwa.

Kujizimisha kwa makusudi

Upo mchezo wa watoto na vijana wa kujinyima damu au pumzi hadi fahamu zipotee, kwa ajili ya ile hisia ya kuelea ya sekunde chache, au ili video irekodiwe. Una majina mengi, na namna nyingi za kuufanya. Sitaandika namna hata moja, na nakuomba nawe mzazi au mwalimu usizieleze mbele ya watoto. Anayehitaji kujua hatari hahitaji maelekezo.

Mchezo huu si wa leo, na haukuletwa na simu. Simu zimeusambaza tu. Nchini Ufaransa wazazi waliofiwa walianzisha vyama vya kuupinga miaka mingi kabla ya mitandao ya video fupi. Nchini Marekani, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa taarifa za vyombo vya habari za miaka ya 1995 hadi 2007, kikabaini vifo 82 vya watoto na vijana wa miaka 6 hadi 19 vilivyoelekea kusababishwa na mchezo huu. Wengi walikuwa wavulana, na umri wao wa wastani ulikuwa miaka 13. Karibu wote walikuwa peke yao. Na katika visa vilivyokuwa na taarifa za kutosha kuhusu wazazi, zaidi ya tisa katika kila kumi vilihusu wazazi ambao hawakuwahi kuusikia mchezo huo hadi siku waliyomzika mtoto wao. Januari 2021 mtoto wa kike wa miaka 10 alifariki Palermo, Italia, katika tukio lililohusishwa na changamoto ya mtandaoni, na mamlaka ya nchi hiyo ya kulinda taarifa binafsi ikaiamuru TikTok izuie akaunti ambazo umri wa mwenyewe haukuthibitika.

Kijana unayesoma, ile hisia ya kuelea ni ubongo wako unapokosa oksijeni. Hakuna raha nyingine iliyofichika ndani yake. Unachosikia ni chembe zikishindwa kufanya kazi, zilezile unazozitegemea kukumbuka somo na kutamka jina lako.

Kutokuwa na kilevi ndani yake hakuufanyi mchezo huu kuwa salama. Umeona jinsi mwili unavyojiokoa katika kuzimia kwa kawaida: unaanguka, damu inarudi, unaamka. Katika kujizimisha, njia hiyo ya kujiokoa inaweza kuwa imefungwa. Anayedhani ataacha mwenyewe kabla mambo hayajaharibika amesahau zile sekunde 10. Fahamu hazimuagi mtu. Mikono hulegea kabla hajajua kwamba ameshapotea, na kuanzia hapo zile dakika 3 hadi 5 zinahesabiwa bila mtu wa kuzihesabu.

Kuwa na wenzako hakukulindi pia. Kuna waliovunjika taya na fuvu kwa kuanguka, waliopata degedege, waliovuja damu ndani ya macho. Shingoni mna vihisio vya presha ambavyo vikibanwa vinaweza kupunguza mapigo ya moyo ghafla, hata kuusimamisha. Rafiki wa miaka 14 anayeshika simu kurekodi hawezi kukurudishia moyo. Na anayerudiarudia huuumiza ubongo kidogokidogo: kumbukumbu, umakini, hasira za ghafla.

Gundi na petroli zinazovutwa puani ziko katika kundi hilohilo. Mvuke wake unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kumuua mtu siku ya kwanza kabisa anapojaribu.

Chini ya maji

Watoto wa pwani na wa ziwani wanaoshindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu wana hatari yao ya peke yake. Kinachotulazimisha kuvuta pumzi ni kaboni dioksidi inapojaa mwilini, wala si oksijeni inapopungua. Anayepumua harakaharaka kabla ya kuzama huifukuza kaboni dioksidi hiyo bila kujiongezea oksijeni ya maana. Akiwa chini hahisi haja ya kupumua, oksijeni inaisha kimya, anazimia bila kuhangaika, kisha anavuta maji. Walio juu wanadhani anashinda. Hata waogeleaji hodari hufa hivi, tena hasa wao, kwa kuwa wanajua kuvumilia. Mkataze mtoto kupumua haraka kabla ya kupiga mbizi, mkataze mashindano ya kukaa chini, na asizame pasipo mtu anayemtazama muda wote.

Kuzungumza na mtoto

Dalili za kuangalia ni hizi: macho mekundu yasiyo na maelezo, vidoti vyekundu vidogo usoni au kwenye kope, alama shingoni au mtoto kung'ang'ania kola na mtandio wakati wa joto, kichwa kinachouma mara kwa mara, kuonekana amechanganyikiwa baada ya kuwa peke yake, mlango unaofungwa kwa ufunguo, vishindo chumbani, maswali ya ajabu kuhusu kuzimia. Moja peke yake haithibitishi kitu. Mbili tatu pamoja zinatosha kukaa naye.

Chagua wakati ambao hakuna mwingine anayesikia, mkiwa njiani au mnapika. Usianze na hukumu. Unaweza kusema: "Mwanangu, nimesikia kuna watoto wanajizimisha kwa mchezo. Kuna aliyewahi kukuonyesha au kukushawishi?" Kisha nyamaza umsikilize. Akikiri, mshukuru kwa kukwambia, hata kama moyo wako unadunda. Ukimpiga siku hiyo, umemfundisha kujifungia mlango vizuri zaidi. Mweleze zile sekunde 10 na zile dakika chache kwa lugha iliyonyooka. Watoto huelewa namba. Kubalianeni juu ya mlango, juu ya simu usiku, na juu ya neno atakalomwambia rafiki atakayemshawishi ili ajitoe bila kuonekana mwoga.

Baadhi ya wanaojizimisha hawachezi. Kijana aliyejitenga, aliyeacha kula na wenzake, anayesema watu wangekuwa na nafuu bila yeye, aulizwe wazi kama amefikiria kujidhuru. Swali hilo halimtii wazo. Linampa mlango wa kutokea. Usimwache peke yake siku hiyo, na mtafutie msaada katika kituo cha afya. Tanzania na Kenya kuna namba 116 ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure, naye anaweza kuipiga mwenyewe.

Walimu, mnaposikia habari hizi darasani, msizitangaze mstarini. Tangazo la jumla huwapa habari wale ambao hawakuwa nayo. Waiteni wanaohusika mmojammoja, waarifuni wazazi wao siku hiyohiyo, na kifuteni kipande cha video kabla hakijazunguka.

Ukimkuta mtoto aliyejizimisha, ondoa haraka chochote kinachombana, mlaze chini na uangalie pumzi. Hapumui, anza kukandamiza kifua, na mwingine aite msaada. Anapumua, mlaze ubavu. Hata akiamka, akacheka na kusema yuko sawa, aende hospitali, kwa kuwa uvimbe wa koo na madhara ya ubongo vinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Mwambie daktari ukweli wa kilichotokea. Wazazi wengi, kwa aibu, husema mtoto aliteleza bafuni, na daktari anapiga picha ya mguu wakati shida iko shingoni.